Nani Analipia Ukumbi Ukiwa Mtupu?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, wasanii wenzangu, majirani wa kituo, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti havikutosha: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nilipoombwa kuja kuzungumza niliambiwa nije niwatie moyo. Moyo mnao. Mtu asiye na moyo haji mkutanoni jioni ya siku ya kazi kusikiliza habari za madeni. Mimi nimekuwa mhazini wa vikundi na vituo vya sanaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mhazini huitwa mambo yakishaharibika. Kwa hiyo mtanivumilia nikitaja kodi ya pango, koki za maji na vifungu vya mkataba mara nyingi kuliko vipaji. Vipaji si tatizo la hapa. Sijaona kituo cha sanaa kikifungwa kwa sababu ngoma ilikuwa mbaya. Nimeona vikifungwa huku watu wamejaa mpaka madirishani.

Onyesho la Jumamosi lina mlipaji wake. Kuna kiingilio mlangoni, kuna mfadhili aliyeweka nembo yake kwenye bango, kuna aliyekodisha spika na akalipwa chake. Lakini Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi umefungwa, hamna hata paka ndani, kodi inatembea. Mlinzi yuko getini. Bima inahesabiwa siku kwa siku. Dari inavuja taratibu pale juu ya jukwaa, rangi inabanduka. Nani analipia Jumanne? Fungua vitabu vya kituo chochote kinachoyumba, utakuta Jumanne haina mwenyewe. Kila aliyekuja na fedha alileta za Jumamosi.

Hili halitokani na uzembe. Linatokana na namna fedha za sanaa zinavyotolewa. Mfadhili hutoa ruzuku ya mradi. Anataka mafunzo ya miezi sita kwa vijana thelathini, anataka picha, anataka orodha ya mahudhurio yenye sahihi, anataka ripoti. Atalipa mwezeshaji, atalipa nauli, atalipa fulana. Ukimwandikia umeme, anauliza: kwani mafunzo yasingekuwapo msingelipa umeme? Kwa hesabu yake yuko sawa. Basi kituo kinaendesha mradi ndani ya ukumbi ambao mradi wenyewe hauulipii, na siku mradi unapoisha kituo kimechoka kuliko kilivyoanza: viti vimelegea, fundi mitambo amefanya kazi ya ziada bila malipo, ankara zimepanda. Kinachofuata ni kuomba mradi wa pili ili kuziba tundu la wa kwanza. Nimeshakuta ofisi yenye miradi mitano kwa mpigo na simu imekatwa.

Wafadhili wenyewe wameanza kuliona. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zilikuwa zinamruhusu mpokeaji ambaye hana kiwango maalumu alichoafikiana nao kudai nyongeza ya asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika, yaani zile za mradi wenyewe, ili apate cha kuendeshea taasisi. Kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kimekuwa asilimia 15. Sisemi mkaombe huko. Nasema kwamba watu walioandika kanuni hizo, ambao hawasifiki kwa kugawa fedha ovyo, wamekubali kuwa jumba nalo linakula. Basi nanyi mnapomwandikia mfadhili yeyote bajeti, mstari wa gharama za jumba uwepo, na uandikwe bila kuomba radhi.

Ila lazima muujue kwanza. Fanyeni hesabu hii, hata leo usiku. Andikeni kila kitu ambacho kituo hulipa kwa mwezi hata kama hakuna aliyekanyaga mlangoni: kodi, mlinzi, msafishaji, maji, taa za nje, intaneti, bima, na fungu la matengenezo, ambalo watu hulisahau kwa kuwa dari haileti ankara mpaka ianguke. Tuseme jumla ni 600, sarafu mtaiweka wenyewe. Kisha hesabuni saa ambazo ukumbi ulitumika kweli mwezi huo, si zile zilizojazwa kwenye ratiba. Tuseme 120. Basi kila saa ya ukumbi inawagharimu 5. Sasa tazameni mnatoza nini. Kikundi cha sarakasi kinalipa 3. Kila saa wanayojirusha pale kwenye mikeka, kituo kinawapa zawadi ya 2.

Sina ugomvi na zawadi. Huenda hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote zinazofanyika humu ndani. Ninachouliza ni nani aliyeiamua, lini, na imeandikwa wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ukarimu nao ni mali. Zawadi ikiandikwa inaombewa fedha: vijana hawa tunawapa saa 40 kwa mwezi kwa bei ya chini, inatugharimu 80, tusaidieni kuibeba. Mfadhili anaelewa sentensi hiyo. Zawadi isiyoandikwa inageuka hasara, na mwisho wa mwaka mnaanza kutazamana mkitafuta mwizi ambaye hayupo.

Hesabu hiyohiyo ina jambo la pili. Ukumbi ukitumika saa 200 badala ya 120, gharama ya saa moja inashuka hadi 3. Kwa hiyo saa za asubuhi, ambazo wasanii hatuzipendi, ndizo zenye nafuu: darasa la mazoezi ya wazee, kwaya inayotafuta pa kujifunzia, mkutano wa chama cha ushirika, mtu anayehitaji meza na intaneti. Naona wengine mmeanza kununa. Kituo cha sanaa kikodishwe kwa mkutano wa ushirika! Nuneni, lakini mkutano unaolipa bei kamili asubuhi ndio unaowaruhusu kutoza bei ya zawadi jioni. Na katika wale wanaushirika wamo watakaoliona bango la Jumamosi ukutani, jambo ambalo hamjawahi kufanikiwa kulifanya kwa matangazo.

Kuna aibu moja nataka tuiweke chini. Wengi wetu tunaamini kimoyomoyo kwamba kituo kisichoweza kujilipia kwa viingilio kimeshindwa kazi, na kwamba kuomba ni kukiri. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walitoa uchunguzi wao kuhusu fedha za sanaa za jukwaani. Waliyoyaona yanaelezeka kwa urahisi. Kiwanda hupata mashine mpya, mfanyakazi yuleyule akatoa bidhaa nyingi zaidi kwa saa, mshahara wake ukapanda na bidhaa isipande bei. Muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne karne mbili zilizopita unahitaji wapigaji wanne leo, wala huwezi kuwaambia waupige kwa nusu ya muda. Lakini wapigaji hao wanaishi mji mmoja na mfanyakazi wa kiwandani, wanapanga nyumba zilezile, watoto wao wanasoma shule zilezile, nao lazima malipo yao yapande. Matokeo yake gharama ya onyesho hupanda mwaka hata mwaka bila mtu yeyote kukosea.

Kwa hiyo pengo kati ya kiingilio na gharama limezaliwa pamoja na kazi hii. Ukilijua hilo unaweza kuinua uso. Ila lina upande mchungu: haliondoki. Akija mtu na mpango wa miaka mitatu unaoahidi kwamba kituo kitajitegemea kwa tiketi peke yake, mshukuruni kwa bidii yake, kisha mwulizeni nani ataziba pengo mwaka wa nne.

Lazima kuna mtu wa kuliziba, na hatari kubwa ni mtu huyo kuwa mmoja. Pale Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, wengi mnakijua kwa herufi zake za Kiingereza, DCMA. Kilifunguliwa mwaka 2002, kinafundisha taarabu, ngoma, na ala za nyuzi kama udi na kanuni, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa jumba la forodha la zamani, Mji Mkongwe. Walimu hodari, wanafunzi hodari, jina limevuka bahari. Mwaka 2019 kililazimika kutangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango, kwa kuwa balozi na wafadhili wa nje waliokibeba kwa miaka walikuwa wamejiondoa. Ada iliyowekwa chini ili kijana wa kawaida aweze kusoma isingeweza kubeba chuo kizima. Hakuna aliyesema muziki umeharibika. Kisiwani hukohuko, tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Mimi nawavulia kofia waandaaji wale. Kusema wazi kwamba safari hii hakuna tamasha kunahitaji ujasiri kuliko kufanya nusu tamasha na kuacha wasanii wanakimbizana na malipo yao.

Ndiyo maana nawasihi mtafute wanachama kabla ya kutafuta mfadhili mwingine. Mtaniambia haba na haba hujaza kibaba. Kweli kabisa, ila kibaba chenu kimetoboka, na kila mkikaa mnazungumzia kumimina. Ada ya mwanachama inaziba tundu kwa sababu haina masharti. Watu 200 wanaokatwa kiasi kidogo kila mwezi, kwenye simu au benki, bila kukumbushwa, wanaweza kulipa Jumanne. Mwenye nyumba hana habari na kiasi mlichochangisha Desemba. Anachokijua ni tarehe ya kodi, na tarehe hiyo inarudi kila mwezi.

Mwanachama naye apate kitu anachokitaka kweli. Kadi yenye nembo huishia kwenye droo. Apate kura kwenye mkutano mkuu, aone hesabu bila kuomba, aruhusiwe kuingia na kukaa kwenye mazoezi. Hilo la mazoezi sikulitunga mimi. Mwaka 1977, Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya, wanakijiji walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wengi wao wakulima na vibarua, na mazoezi ya igizo yakafanyika hadharani. Watu walikuja kutazama, wakakatiza, wakasahihisha: huyo haongei hivyo, hiyo kazi haifanywi hivyo. Waliwasahihisha kwa kuwa maisha yaliyoigizwa yalikuwa yao. Oktoba onyesho lilipofunguliwa, lilikuwa limeshakuwa mali ya kijiji. Serikali ikafuta kibali Novemba mwaka uleule, na Machi 1982 polisi wakatumwa kulibomoa jumba. Siasa za wakati ule zina hadithi yake ndefu, sitaiingilia. Ninachokiona mimi kwa jicho la mhazini ni kwamba kuufunga mlango ule kulihitaji amri ya dola na askari. Hapa kwenu ankara moja ya umeme inatosha, na jirani wa nyumba ya tatu asingejua.

Majirani mliofika leo, nimewahesabu, mko wachache. Mnatosha kuanzia.

Nije kwa mwenye nyumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo vituo vingi vinapofia.

Nawapa visa viwili vya miji ya mbali, kwa sababu vinafanana mwanzo na vinapishana mwisho. Mkesha wa mwaka 1980, wasanii wa New York waliingia katika jengo tupu lililokuwa mali ya jiji, wakafungua humo maonyesho kuhusu ardhi na kodi za nyumba. Polisi wakapiga kufuli. Mazungumzo yaliyofuata yakawapatia mahali pengine, mtaa wa Rivington, jengo chakavu, nao wakapaita ABC No Rio. Miaka ikapita wakivutana na jiji lilelile, wakitishiwa kutolewa. Mwishowe walichokifuata hakikuwa huruma, walifuata hati. Mwaka 2006 jiji likawauzia jengo kwa dola 1, kwa masharti ya kutafuta fedha za kulikarabati. Lilikuwa bovu kiasi kwamba ilibidi baadaye libomolewe lote, na ujenzi wa jipya ukaanza mwaka 2024. Hesabuni: miaka 18 tangu kununua hadi kuanza kujenga. Kipindi fulani hapo katikati hawakuwa hata na kuta. Lakini kiwanja kilikuwa chao, na hakuna aliyeweza kuwapandishia kodi ya kiwanja chao.

Cha pili ni Berlin. Februari 1990, miezi michache tu baada ya ukuta uliougawa mji huo kufunguliwa, wasanii waliteka mabaki ya duka kubwa la zamani katikati ya mji, pakawa Tacheles: karakana, sinema, jukwaa, watalii wanakuja kwa maelfu. Mwaka 1998 kampuni iliyokinunua kiwanja ikakubali kuwapangisha kwa miaka 10, kwa kodi ya mfano ya mark 1, sarafu ya Ujerumani ya wakati ule. Nani angekataa? Mwisho wa mwaka 2008 mkataba ukaisha, na kufikia hapo ardhi ya katikati ya Berlin haikuwa tena ile ya mwaka 1990. Wa mwisho walitoka Septemba 2012. Dola moja na mark moja, ukizitia mfukoni hazipishani sana. Ile ya New York ilinunua hati. Ile ya Berlin ilinunua miaka kumi.

Nimeusoma mkataba wenu, Mwenyekiti alinipa nakala. Una kurasa tatu, na ya tatu ni ya sahihi. Hausemi nani anatengeneza paa. Hausemi notisi ya kuhama ni ya miezi mingapi. Unasema kodi itapitiwa "mara kwa mara", bila kusema mara gani wala ipande kwa kiasi gani, na maneno hayo mawili matatu yameshahamisha wapangaji wengi duniani. Tena unakataza kupangisha chumba kwa mtu mwingine, maana yake ile mikutano ya asubuhi niliyowapigia debe ni kosa mpaka mpate ruhusa ya maandishi. Hayo yote yanarekebishika, lakini yanarekebishika mkiwa mmelipa kodi. Mkiwa mnadaiwa, hamna cha kuzungumza.

Nendeni kwa mwenye nyumba kabla hamjachelewa. Siku mtakapojua kwamba mwezi ujao hautatimia, siku hiyohiyo mpigieni. Mwenye nyumba ana hofu mbili, mpangaji asiyelipa na jengo lililokaa tupu likaliwa na mchwa na vibaka. Mkienda na nusu ya kodi mkononi, ratiba ya kulipa nusu ya pili kwenye karatasi, na pendekezo la kutengeneza dari kwa gharama zenu ili zikatwe kwenye kodi na mkataba urefushwe, mmegusa hofu zote mbili. Anaweza kukataa. Lakini nimeona wengi wakikubali, kwa sababu mpangaji mwenye karatasi ni nadra kuliko mnavyodhani. Na pendekezo likikubaliwa liandikwe, litiwe sahihi siku hiyo. Msitegemee kwamba mzee ni mwema. Mzee ana warithi.

Na bima, kwa ufupi. Machi 2015 ukumbi mkuu wa Battersea Arts Centre, London, uliteketea. Kesho yake sehemu ambayo moto haukuifikia ilifunguliwa na maonyesho yakaendelea, na ukumbi mkuu wenyewe ulirejea mwaka 2018. Watu husimulia jinsi umma ulivyochanga, na ni habari nzuri. Mimi husimulia kwamba walikuwa na bima.

Sasa jambo litakaloniletea maneno. Fedha za kwanza zisizo na masharti zitakazopatikana, naomba zimlipe mshika funguo.

Kila kituo kinaye. Ndiye anayejua swichi ipi ukiiwasha pamoja na spika umeme wa jengo zima unaanguka. Anajua koki kuu ya maji iko nyuma ya kabati gani. Wa hapa nilikutana naye mchana, akanizungusha. Dirisha la chumba cha kubadilishia nguo halifungi ukilisukuma tu, inabidi uliinue kidogo kwanza, ndipo komeo liingie, na kama hukujua utaliacha wazi na asubuhi hamna vifaa. Mlango wa stoo anaushikilia kwa kipande cha mguu wa kiti kilichovunjika, amekikata kwa kipimo. Nikamuuliza analipwa nini. Akacheka, akasema kikipatikana kitu anapewa. Ndugu zangu, mtu huyo akiugua wiki mbili, kituo hiki kinafungwa wiki mbili, na nyinyi mnajadili mshahara wa mkurugenzi wa sanaa!

Mkurugenzi wa sanaa ni muhimu, naye yuko hapa, na tulishaongea kabla sijapanda. Lakini msanii anaweza kuandaa onyesho bila cheo, kama alivyofanya tangu mwanzo. Ukumbi haufunguki bila mtu mwenye funguo. Mlipeni huyo kwanza, mshahara unaojulikana, siku inayojulikana. Kisha mkae naye na daftari, aandike kila swichi, kila koki, kila dirisha, na daftari litundikwe mahali pa wazi. Akipata kazi bora kesho aende kwa amani.

Wanaojitolea nao wana kikomo. Mpeni mtu zamu yenye mwanzo na mwisho, miezi mitatu, halafu apumzike bila kujieleza. Asiyepewa mapumziko hujipa mwenyewe, na harudi.

Ratiba nayo ipunguzeni. Mnafungua jioni sita kwa wiki kwa kuwa mnaogopa kuonekana mmelala. Tatu zenye taa zinazowaka, choo safi na onyesho lililoanza kwa wakati zinawafaa kuliko sita za kubahatisha. Na miradi ambayo mliiomba kwa sababu mada hiyo ilikuwa na fedha mwaka huo, mnaijua wenyewe, ikiisha iacheni iishe.

Nimesikia kuna wazo la tamasha kubwa la kuokoa kituo. Nalielewa, na wengine humu mmeshaanza kuitana. Mimi nina mashaka nalo. Wasanii watapiga bure, wale walewale ambao mwaka mzima wamepiga kwa nusu malipo. Spika, jenereta na ulinzi vitalipiwa taslimu. Umati utakuja, utafurahi, utaondoka ukiamini kituo kimeokoka, na mwezi ujao ukiwaambia kodi haijatimia watauliza zile fedha mlizipeleka wapi. Tamasha la namna hiyo hulipa deni la jana. Kama mnalifanya, lifanyeni mara moja, kwa deni lenye kiasi kilichotajwa hadharani, na mlangoni awepo mtu wa kuandikisha wanachama. Wakiandikishwa 50 usiku huo na kiingilio kikapotea chote kwenye jenereta, bado mmepata faida.

Limebaki moja, na Mwenyekiti alinisihi nisilitaje. Wekeni tarehe ya kufunga.

Tulieni, sijamaliza. Wekeni tarehe na namba. Ikifika tarehe hiyo wanachama wanaolipa kweli hawajafika idadi mliyoikubali, na mkataba haujaandikwa upya, mnafunga wenyewe. Kituo kisicho na tarehe hufungwa na mwenye kufuli. Vyombo vinashikwa kufidia kodi, mlinzi na msafishaji wanaondoka bila stahili zao, na picha, kanda na maandishi ya miaka yote vinatupwa barazani vinyeshewe. Nimewahi kuokota ngozi ya ngoma kwenye rundo kama hilo. Mkifunga wenyewe, wafanyakazi wanalipwa kwanza, vyombo vinagawiwa vikundi kwa orodha, kumbukumbu zinakwenda maktaba yenye mtu aliyekubali kuzipokea, jina linabaki kwenye usajili. Kikundi kilichofunga bila deni hufungua pengine. Kilichofunga na madeni, hata mwenye nyumba mwingine akisikia jina lake anasema chumba kimeshapata mtu.

Tena tarehe inasaidia kuchangisha. Mtu ukimwambia kituo kina hali mbaya, anasikitika. Ukimwambia wamebaki wanachama 70 kufikia mwisho wa mwezi wa sita, anauliza analipia wapi. Hapo ndipo mnapomtaka. Tarehe ipi na idadi ipi si kazi yangu kuchagua, mimi ni mgeni, nitaondoka. Ila msitoke humu leo bila kuvipigia kura.

Mhazini wenu ameandaa hesabu za miezi 12, karatasi zinapita sasa, wa nyuma mtapata pia. Ukurasa wa kwanza ni mapato na mtaupenda. Naomba muanzie wa pili, mstari wa kodi ya pango, na swali la kwanza litoke hapo. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.